Maji ya Otiende, Maji ya Irungu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Dedan Irungu, dobi wa mtaa wa Baba Dogo hapa Nairobi, aliyetuacha wiki iliyopita. Dobi, narudia, na wengi wenu kuanzia Kiamaiko hadi Jericho mmevaa shati alilolifua. Mkewe ameniruhusu niseme ukweli wote. Irungu alikuwa na wivu, wivu wa kumkondesha mtu.

Wivu huo ulikuwa na jina: Otiende. Naye alikuwa dobi. Jiwe lake la kufulia lilikuwa juu kidogo mtoni, la Irungu likawa chini, baada ya kona. Mashati ya Otiende yalitoka meupe pe. Ya Irungu yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Akaongeza sabuni. Akaongeza buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Wapi! Na siku maji yalipomjia mekundu, aliapa kwamba ni Otiende anayesuuza vitenge huko juu makusudi, ili amharibie kazi.

Basi siku moja akaona kwenye kamba ya Otiende kitambaa anachokijua. Kitambaa cheupe cha kanisani, cha mkewe mwenyewe, Waithera.

Mama Waithera anatuambia: "Nilimuuliza, Baba Wangeci, nisimame mbele ya kina mama wa kanisa na kitambaa cha rangi ya uji? Chakula alikisukuma kando."

Kulipokucha alipanda mtoni kwenda kupigana. Alipokata njia kwenye matete, katikati ya mawe yale mawili, akakuta bomba. Bomba la kiwanda cha kutia nguo rangi, linatapika maji mekundu mtoni. Otiende hakuwa na kosa. Mngedhani Irungu alifurahi? Aliumia zaidi! Akawaza: kumbe huyu jamaa hanishindi ujuzi, ana bahati ya mahali tu?

Akaenda moja kwa moja kiwandani. Sikilizeni alichomwambia meneja: "Kwa nini maji ya Otiende ni safi na yangu ni machafu?" Narudia, wasikilizaji. Hakusema acheni kumwaga uchafu mtoni. Aliuliza kwa nini ya Otiende ni safi.

Meneja akamwahidi haki. Mwezi haukuisha, bomba likahamishwa. Likapelekwa juu, kupita jiwe la Otiende. Wakaambiwa, sasa nyote mko sawa.

"Alirudi akiimba," anakumbuka Mama Waithera. "Akaniambia, leo kamba ya Otiende imejaa mashati ya waridi! Tukacheka. Mungu atusamehe, hata mimi nilicheka."

Kicheko hakikudumu. Wateja waliwakimbia wote wawili. Watoto waliooga mtoni walitoka vipele. Sukuma wiki za kina mama kando ya maji zikanyauka. Ndipo Otiende akaja mlangoni kwa Irungu, mikono imechubuka, akasema neno moja tu: "Omera, ndugu yangu, kwani ulishindwa kuomba maji safi ya watu wawili?"

Kuanzia hapo, miaka yake yote iliyobaki, Irungu alikwenda na Otiende kwenye lango la kiwanda na kwenye ofisi za jiji, akiuliza nani aliruhusu bomba lile na nani atawajibika. Wivu haukumwisha, jamani. Njiani alitembea mbele haraka haraka, ili Otiende asiwahi kusema kwanza!

Shati alilozikwa nalo lilifuliwa na Otiende. "Nimelifua kwa maji safi ya mfereji," alituambia, akifuta macho. "Ya mto yangemtia aibu." Na Mama Waithera alipolipokea, alicheka huku akilia. "Lilivyo jeupe hivi," akasema, "angelikataa."

Mama Waithera, Wangeci na ndugu zako, poleni sana. Nawe Otiende, pole, umepoteza mwenzako. Mungu amlaze Irungu mahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, bomba lile lilikuwa likimwaga hata asubuhi ya leo. Tulifikirie jambo hili. Wewe unayekaa kando ya mto, ukiamua kwenda kuuliza, mpitie jirani yako muende pamoja. Na mkifika pale langoni, ombeni maji safi ya watu wote.