Mkia, Mwenye Herufi Zake

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nimepewa kusoma kwa sababu, eti, nina sauti. Nitajitahidi isikatike.

Kaka yetu, tuliyezoea kumwita Mkia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi wa reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwandiko ulimponza: mwalimu mkuu alimchapa kwa kuandika herufi za madoido ubaoni, kisha mwezi huohuo akamwita aandike kibao cha shule.

Mwaka 1972 alianza kazi ya kuandika vibao vya maduka. Siku za kazi aliandika alichoagizwa. Jumapili aliandika alichotaka, kwenye kuta za watu, bila ruhusa ya mtu. Jumapili moja ya mwaka 1979 alikuwa anamalizia neno TUPO kwenye ukuta wa soko, mara askari wa manispaa huyo! Kaka alitimua mbio brashi ikiwa bado ukutani, na ile herufi ya mwisho ikaburuta mstari hadi kona, kama mkia. Waandishi wenzake wa kutani walicheka mpaka machozi, halafu, jamani, wakaanza kuuiga makusudi. Manispaa ilipaka chokaa, wao wakaandika tena.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1983 na wifi yetu, aliyekuwa akiuza rangi dukani. Neno la kwanza wifi alilomwambia lilikuwa, "Wewe kila wiki rangi nyeusi, unapaka barabara?" Tunamshukuru wifi kwa miaka yote ya kufua mashati yake yenye rangi.

Taratibu ile mikia ikahamia kwenye fulana, ikaja kwenye pakiti za sabuni, na mwaka 2004 manispaa ileile ikaitumia kwenye mabango yake, ikaiita mtindo wa jiji letu. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Kaka, nenda ukawaambie ni yako! Jina lako hawalijui!" Akacheka. "Mdogo wangu, zamani walinifuta, leo wananiiga. Unataka nini tena?" Nilinuna wiki nzima, maana nilichotaka ni jina lake lisemwe.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini aliwaandikia wagonjwa wenzake majina ya vitandani, yote na mikia. Wauguzi, Mungu awabariki. Alituaga Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi mbishi wake.

Juzi nilipeleka maneno haya kwa mchapaji, mama mmoja asiyetujua. Jina la kaka akaliweka kwa herufi za mikia. Nikamuuliza kwa nini. "Hizi ndizo za kawaida, dada, kila mtu anazitaka." Nikamweleza zilikotoka. Akavua miwani, akaniuliza, "Sasa mbona haijaandikwa popote?" Tazameni chini ya picha yake, mbele ya kijitabu mlichoshika: *Herufi hizi ni zake.* Mstari huo ameuongeza yeye, sikumwomba.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Leo hakuna anayekukimbiza.