Sponji Ukutani, Kelele kwa Jirani

Asalaam aleykum, ndugu zangu. Na ninyi wa Bwana asifiwe nawaona hapo nyuma, asifiwe sana. Wazee wote, shikamooni. Nimepewa dakika kumi, na mwenyekiti wa kikundi chetu cha wajasiriamali ameshaiweka simu mezani anaangalia saa. Mwenyekiti, igeuze hiyo simu. Nimeambiwa ninyamaze miezi na miezi, leo siharakishwi na mtu.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni kusaga viungo. Mdalasini, pilipili manga, binzari, na pilipili kali zikipatikana. Mzigo unashuka kutoka Kinole kule milimani, mimi nausaga hapa mjini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoniachia mama. Mashine niliinunua baada ya kuachika. Walisema mwanamke aliyeachika atulie, mimi nikanunua kitu kinachonguruma. Chekeni tu. Lakini nawaambia, mashine ile ndiyo iliyonirudishia heshima, na ndiyo iliyotaka kuniondolea utu.

Kutoka ukuta wangu hadi wa jirani ni hatua sita. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na wakati ule alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, bibi aliyepooza upande mmoja. Dirisha la chumba cha bibi lilitazama kwangu. Mara ya kwanza jirani alikuja kwa adabu zote.

"Mdogo wangu, ukiwasha, mama anashtuka. Anang'ang'ania shuka kwa ule mkono wake mzima."

"Nitaangalia, dada," nikamjibu. Sikuangalia chochote. Akaja tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuja kwangu, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nikaitwa. Na mjomba wangu naye akaitwa, maana mnajua sisi Waluguru, nyumba inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mjomba hakuuliza swali hata moja.

"Uza hiyo mashine, mwanangu. Mwanamke na mota, wapi na wapi?"

"Shikamoo, mjomba," nikasema. "Siuzi."

Wakanipa miezi miwili. Nipunguze kelele au mashine iondoke mtaani. Nikatoka pale nimevimba. Nikaingia kwenye simu kutafuta dawa ya kelele, nikaona zile sponji nyeusi wanazobandika studio, zenye vichwa vilivyochongoka kama trei za mayai. Nikaagiza Dar. Nikabandika kwa gundi kuta zote nne, mpaka nyuma ya mota. Nilipomaliza nikafunga mlango, nikawasha.

Ndugu zangu, raha niliyoisikia! Ule mlio uliokuwa unanigonga kichwani ukawa umelainika. Nikajisikia nikizungumza peke yangu. Nikapiga vigelegele mle ndani na pilipili yangu.

Siku ya pili jirani huyo mlangoni. "Mdogo wangu, bado."

Bado nini? Mimi niliyekuwa mle ndani nasikia kimya, yeye aliye nje anasikia kelele? Nikasema huyu sasa ni wivu. Hataki kuniona nimesimama. Basi nikafungua mdomo, na dirisha la bibi likiwa wazi, nikasema maneno ambayo leo nayarudia mbele yenu kwa sababu nilikuja hapa kusema ukweli. Nilisema: "Anayetaka kimya, makaburi yapo."

Jirani akageuka akaenda zake.

Wiki tatu baadaye bibi alifariki. Msinitazame hivyo, simwambii mtu hapa kwamba mashine ilimuua, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Lakini nilizima mashine, nikajitanda khanga, nikaenda msibani kukaa mkekani na wenzangu, na moyoni naomba pasiwe na aliyesikia.

Sasa mtaani kwetu kuna fundi makochi, mtu wa bara, kabila lake na letu ni watani tangu mababu. Na msibani mtani ana ruhusa yake. Anasema analotaka, na ukikasirika umevunja mila. Akaja yule bwana katikati ya waombolezaji, akajilaza chini, akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Jamani, msilie!" akasema. "Bibi alielekezwa na jirani yake kwamba makaburini kuna kimya. Amekwenda kuhakikisha. Akikuta ni kweli, atatuita wote!"

Msiba mzima ukacheka. Wanawake nilioketi nao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jirani mwenyewe alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Na mimi nilitakiwa nicheke, ndiyo mila, nikacheka na meno yangu yamekauka. Aibu ile sijawahi kuionja tena, na siombi.

Matanga yalipoanuliwa nikamfuata karakana kwake. "Mtani, umenivua nguo."

"Nguo ulishaivua mwenyewe, siku ile ulisema na mtaa ukasikia. Zile sponji zako, ulipobandika, ulisikilizia wapi?"

"Mle ndani."

"Ukiwa nje je?"

Miezi yote ile sikuwahi kutoka hatua sita nikasimama kwa jirani nikasikiliza mashine yangu mwenyewe.

Nikaenda kwa jirani. Nikamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, kisha nikamwomba jambo gumu zaidi, aniruhusu niketi chumbani kwa marehemu wakati mtani anawasha kule kwangu. Akaufungua mlango. Nikaketi kwenye kitanda kile cha kamba, na mashine ikawaka.

Haikuwa kelele ya masikioni tu. Ilipanda kutoka sakafuni. Niliisikia kwenye nyayo, kwenye mbao za kitanda, kwenye meno. Juu ya kistuli kulikuwa na glasi ya maji, na ile glasi ilikuwa inatembea. Bibi alikuwa analala juu ya mtetemo ule kutwa, hawezi kugeuka. Nililia pale, na safari hii sikulia kwa mila.

Hapo ningeweza kuuza. Mjomba alitegemea hivyo. Lakini nilipofuta machozi nilisema, kosa limefanywa na mimi, mashine haijui jirani. Nitaitia adabu mimi mwenyewe.

Mtani akanifundisha, maana kazi yake ni sponji. Akaniambia sponji inakunywa mwangwi wa chumbani, basi. Haizuii mtetemo wa sakafu, wala haizibi uwazi. Tukaing'oa mashine kwenye sakafu ya nyumba, tukaimwagia msingi wake wa zege uliojitenga, na chini ya miguu tukapanga vipande vya tairi kuukuu. Ule uwazi kati ya ukuta na bati, ambao sauti yote ilikuwa inatokea, tukauziba kwa matofali. Mlango nikaweka wa mbao nzito, kingo zake zina mpira. Hewa tukaiachia njia upande wa mlimani kusiko na nyumba, njia yenye kona mbili, na humo ndimo sponji ilifanya kazi yake hasa. Zile za nyuma ya mota tulizibandua zote, zilikuwa za moto na zimejaa unga wa pilipili, tulipiga chafya siku mbili. Enyi mnaotaka kuiga, msibandike sponji karibu na mota. Mtaunguza nyumba.

Siku ya kukaguliwa, mwenyekiti wa mtaa na mjomba waliketi uani kwa jirani. Nikawasha. Mjomba akasema, "Bado inasikika. Auze." Mwenyekiti akamgeukia jirani.

"Ni kweli naisikia," jirani akasema. "Lakini sasa nasikia mtu anafanya kazi. Zamani nilikuwa nasikia mtu ananitukana. Mwacheni."

Mjomba akatafuta kofia yake.

Namshukuru dada yangu yule, ambaye angeweza kunimaliza kwa neno moja na hakufanya. Namshukuru mtani, Mungu ampe maisha marefu ili siku ya msiba wake nilipize. Na ninyi mlionibeba kipindi mashine imezimwa, mkininunulia mdalasini nilioutwanga kwa kinu, siwasahau.

Nanyi mnaoambiwa kazi yenu ni kelele, msiuze. Ila mtu akikwambia unamuumiza, usibishane naye ukiwa umejifungia. Mimi mashine yangu siuzi hata kwa mjomba. Kesho saa mbili asubuhi nawasha, halafu natoka, nasimama kwanza uani kwa jirani, nasikiliza. Nikiridhika, ndipo narudi kusaga.