Kuliko Mimi

Fundi cherehani alitega sikio. Mbele yake kwenye basi, mawifi wawili walikuwa wakibishana juu ya ujumbe ambao kaka mtu alimwandikia dada yake kwa mkato wa kiofisi: mke wangu anampenda mama kuliko mimi.

"Analalamika kwamba yeye humpendi kama unavyompenda mama," dada mtu alisema.

"Labda anakiri kwamba nampenda mama kuliko yeye mwanawe anavyompenda," mke akajibu.

"Kaka yangu akiri? Thubutu!"

Fundi nusura acheke; wanaume wa aina hiyo ndio anaowashonea suti.

Basi likasimama kituo cha hospitali. Mke akainuka na furushi la mashuka aliyomfulia mama mkwe. "Yote mawili ni kweli, wifi. Unashuka?"

Dada mtu akajishughulisha na simu. "Msalimie sana mama."