Mluzi wa Tiroyaone

Wasikilizaji wapendwa, Tiroyaone Mokgwathi hatunaye tena. Mchunga mbuzi wa huku kwetu Kgalagadi. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Mnamjua yule ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani. Yupo mchangani, yupo na kule kwenye mawe ya kilimani. Wataalamu walisema hao ni aina moja. Tiroyaone akasema ni aina mbili. Hawaimbi sawa, wala hawaoani. Miaka kumi watu walimcheka, eti mchunga mbuzi naye kawa profesa.

Mwaka wa ukame mkali akaja Daktari Brandt, mtaalamu wa ndege, na bunduki na kinasa sauti. Kilimani walibaki ndege wawili tu, dume na jike. Wawili tu, wasikilizaji.

"Haya, nionyeshe tofauti," Daktari akasema.

Tiroyaone akabana midomo. Mluzi hautoki. Kinywa kimekauka kwa hofu. Mkewe, Mma Boikanyo, akampa maji.

"Nyumbani hunipi usingizi kwa miluzi yako," akamwambia. "Leo mbele ya mgeni ndiyo umekuwa bubu?"

Akanywa. Akapiga wimbo wa mchangani. Ndege wa mawe hakugeuza hata shingo. Akapiga wimbo wa mawe. Dume akaja mbio, akatua hatua kumi mbele yao, anajibu.

"Nimekubali, ni aina mbili," Daktari akasema, huku anainua bunduki. "Lakini vitabu haviandiki aina mpya bila ngozi yake."

Hapo Tiroyaone akaelewa alichofanya. Yeye ndiye aliyemwita. Akaenda kusimama mbele ya mtutu.

"Basi chukua yangu," akasema. "Imechakaa, lakini ni kubwa."

Daktari alimtazama mpaka mkono ukachoka. Bunduki ikashuka. Akanasa sauti, akaokota unyoya mmoja kiotani. Kwa sauti na unyoya, ndege wa mawe akaandikwa kuwa aina ya peke yake.

Jana nilimkuta Mma Boikanyo jikoni. "Miaka arobaini nilimkataza kupiga mluzi ndani ya nyumba," akaniambia. "Sasa kanitii. Sikutaka anitii hivi."

Mama, wewe na binti yako Boikanyo, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujasema hawa wote ni wamoja, nyamaza kwanza uwasikie. Mimi nanyamaza. Sauti inayokuja ilinaswa siku ile. Anayeanza ni Tiroyaone. Anayemjibu ni ndege.