Mama Spana na Gurudumu Lililogoma Kustaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza mitambo ya karakana yetu ya ufinyanzi, fundi tunayemwita Mama Spana anastaafu tarehe 30 Juni.

Siku aliyoripoti kazini, msimamizi wa wakati huo alidhani amekuja kufanya usafi, akamkabidhi ufagio. Aliupokea kwa adabu, akafagia karakana nzima, kisha akaomba spana. Jina la utani likamganda hadi leo.

Amejenga upya tanuri zetu mbili, lakini sifa zake hasa ziko kwenye lile gurudumu kuukuu la kufinyangia, karibu na dirisha. Chini yake mota huzungusha chuma kilichochongoka kama pia ya kuchezea watoto. Chuma hicho hugusana na tairi dogo la mpira, nalo ndilo linalozungusha sahani inayowekewa udongo. Gurudumu likigoma, Mama Spana hutega sikio tu na kujua kama springi imelegea au mpira umelika.

Hakuna asiye na kasoro, na yake ni kwamba hakuandika popote namna ya kulitengeneza. Daktari alipomkataza kupiga magoti sakafuni, bado aliahirisha kustaafu mara mbili, maana gurudumu likisimama tulimpigia simu hata akiwa anakula. Mumewe hulalamika kwamba alioa mke mmoja lakini anaishi na wawili, na huyo wa pili ni wa chuma. Mwenyewe alitangaza kuwa haondoki mpaka aone mtu mwingine analimudu.

Hapa sina budi kukiri. Mwezi Machi gurudumu lilianza kupiga kelele, nami mchoma vyungu nikajitia ufundi, nikaupaka ule mpira grisi. Kelele ikaisha, nikajisifu. Sahani ilizunguka vizuri ikiwa tupu. Mfinyanzi alipoweka bonge la udongo, ikasimama tuli huku mota ikinguruma. Mpira ule hufanya kazi kwa kung'ang'ania chuma, na mimi nilikuwa nimeufundisha kuteleza.

Mama Spana alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akabaki hapohapo kitini, akakataa kushika chombo chochote. Wiki mbili alituelekeza kwa mdomo tu. Tulifuta grisi kwa spiriti, tukakwaruza mpira kwa msasa, tukakaza springi, tukailegeza, tukaikaza tena. Polepole ndio mwendo, alitukumbusha, huku vidole vyake vikikaza nati hewani bila mwenyewe kujua. Sahani ilipokubali kuzunguka na udongo juu yake, sote tulishusha pumzi. Yeye peke yake hakuamini kwamba tungeweza bila yeye.

Sasa, Mama Spana, kuna jambo tulilokuficha. Jumanne iliyopita, ulipokuwa kliniki, springi ilikatika chungu kikiwa nusu. Tulifungua, tukabadilisha, tukatega sikio, tukarekebisha. Ilichukua dakika arobaini. Chungu kile kilimalizika kabla ya saa sita mchana, na hakuna aliyekupigia simu.

Ahsante kwa miaka yote, na kwa uvumilivu wa kukaa kitini. Tunakutakia mapumziko mema na magoti yasiyouma. Nenda nyumbani, mama, ule chakula chako kikiwa bado cha moto.