Mama Umeme Kwanza na Kiendeshi Alichokitetea

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika idara yetu ya programu za mashine, Mama Umeme Kwanza anastaafu. Jina hilo alilipata kihalali. Wahandisi wawili walishinda kutwa wakichambua programu na kurushiana lawama kwa sababu kibodi haijibu. Yeye akapita na kikombe chake cha chai, akainama, akaona tundu la USB halijapewa umeme. "Umeme kwanza, wanangu, lawama baadaye," akasema, akaenda zake.

Kazi yake haionekani kwa macho. Mashine inapowashwa, kabla mfumo wenyewe haujaamka, kuna programu ndogo inayotangulia. Isipokuwa na kiendeshi cha kidhibiti cha USB, yaani kipande cha programu kinachoyaamsha matundu ya USB, kibodi ni pambo tu, na mashine ikikwama huna pa kuishikia. Yeye ndiye aliyechagua viendeshi vya kuingia humo, na hakupitisha toleo lolote bila kuchomeka kibodi kwa mkono wake. Mumewe, fundi cherehani, analalamika kwamba hata pasi ya nyumbani huikagua hivyo hivyo.

Fahari yetu kubwa ni ule ubishi wake. Wakubwa walitaka kiendeshi cha mashine kuukuu za maabara za zahanati kiondolewe ili programu iwe nyepesi. Akakataa katakata: wenye mashine hizo hawana nyingine. Baadhi yetu tulimwona king'ang'anizi. Kisha sasisho letu moja likaharibika, mashine zile zikagoma kuwaka, na wagonjwa wanangoja majibu ya vipimo. Kibodi zikajibu, kwa kuwa kiendeshi kile bado kilikuwamo. Mafundi wakachomeka flashi, wakazifufua zote asubuhi ileile. Mkubwa alipotaka kujua nani kaharibu, Mama alijibu kwamba ni idara, na yeye ni idara. Hakuna aliyefukuzwa.

Wiki iliyopita mashine ya mwisho ya aina ile iliondolewa kazini. Mama akaomba akitoe kile kiendeshi mwenyewe. Kwenye orodha ya viendeshi, mbele ya jina lake, akabadilisha "ndiyo" kuwa "hapana", akachomeka kibodi kwenye mashine mpya, akangoja mpaka taa ikawaka. Akasema aliyekitetea ndiye anayestahili kukiaga. Tukacheka, kisha wengine tukatafuta leso.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na mzee wako akuachie pasi uikague upendavyo. Ulitutetea na sisi, nasi leo tumesimama wote kukuaga. Umeme tumeshawasha.