Mama Jiwe na Kona ya Chemchemi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Mama Jiwe. Nawaambia mapema, leo sina sauti ya kubembeleza. Jana nilikuwa mazikoni, na kinyaa bado hakijanitoka.

Mama Jiwe alikuwa msafishaji wa data za ramani katika ofisi ya misitu ya umma. Kazi gani hiyo? Ramani kuukuu za karatasi zinaingizwa kwenye kompyuta. Mistari ya mipaka inavukana, inaachana, mingine inaingia katika mashamba ya watu. Yeye aliirekebisha, nukta kwa nukta. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, nukta kwa nukta.

Na hakuamini nukta ambayo hajaifikia. Alifunga safari, akatafuta jiwe la mpaka kwenye nyasi, akaligusa kwa kiganja. Akirudi, anaandika kwenye safu ya maelezo iliyo kando ya kila nukta: "Jiwe lipo. Nimeligusa."

Mumewe ananiambia alikuwa akimtania: "Mke wangu, wiki nzima unagusa mawe tu, na mimi je?"

"Wewe hakuna anayetaka kukuhamisha," anajibiwa.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Msitu mmoja una kona yenye chemchemi. Vijiji vitatu vinakunywa hapo. Mfanyabiashara mmoja akaitamani kona hiyo. Mkuu wa ofisi akamwita Mama Jiwe: "Dada, mstari huu umepindapinda. Unyooshe kidogo, ramani ipendeze."

"Bosi, mpaka si nguo," akamjibu. "Haupigwi pasi."

Basi. Wakamnyang'anya kompyuta, mstari wakaunyoosha wenyewe. Meza yake ikahamishiwa stoo, jirani na choo, kwenye mafaili yenye ukungu. Miaka miwili alikaa humo akikohoa. Wiki iliyopita kifua kikamshinda, akafariki. Kikulacho ki nguoni mwako: ofisi ya kulinda msitu ndiyo iliyoumega, na mlinzi ikamtupa stoo.

Jana makaburini, mkuu huyohuyo alishika kipaza sauti. Akalia machozi ya mamba. Akatangaza kwamba ramani mpya ya msitu imetoka, na imepewa jina la marehemu. Ramani yenyewe ndiyo ile iliyokatwa kona!

Binti wa marehemu akasimama. "Mzee, futa jina la mama kwenye ramani hiyo. Chemchemi mmeichukua, jina lake tuachieni."

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Leo asubuhi mimi na binti tumeifungua ramani hiyo mtandaoni. Nukta ya kona wameifuta. Safu ya maelezo wameisahau, maana wakubwa hawa hawajawahi kuisoma. Kwenye nukta ya jirani, Mama Jiwe aliandika: "Kutoka hapa, jiwe linalofuata lipo hatua mia mbili na kumi kuelekea mashariki, juu ya chemchemi. Nimeligusa."

Binti alisoma kwa sauti, mara mbili. Halafu akalia.

Pole sana kwa mume, binti na ndugu wote. Nasi tuliobaki tujiulize: vile vitu tunavyosema ni mali yetu sote, ni nani kati yetu amewahi kwenda kuviona?

Jumamosi saa mbili asubuhi, binti na mimi tutakuwa pale kwenye jiwe la jirani. Kutoka hapo ni hatua mia mbili na kumi kuelekea mashariki. Mia mbili na kumi. Njooni na viganja vyenu.